Madeni ya Mikopo na Kufilisika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali wanayorudia walimu wa Rungwe, wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Kabwe, wakulima wa mpunga wa Usangu, mama lishe wa Ipogolo na madereva bajaji wa Mafinga. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Kama kesi yako tayari iko mahakamani, soma, kisha mwone wakili au msaidizi wa kisheria ukiwa na karatasi zako mkononi.

## Kulijua deni

1. Nadaiwa kila upande. Nianzie wapi?

Anzia kwenye daftari. Kila deni liwe na mstari wake: nani anakudai, ulipokea shilingi ngapi mkononi, umesharejesha kiasi gani, kimebaki kiasi gani, marejesho ni ya siku, wiki au mwezi, dhamana ni nini, na nani alisaini kama mdhamini. Usiache hata ile laki moja ya shemeji wala mkopo wa kwenye simu. Mtu anaweza kuja akisema anadaiwa "kama milioni tatu", tukishaorodhesha tunakuta tano na ushee, maana yale madogo madogo alikuwa hayahesabu.

Kisha nenda kwa kila mkopeshaji uombe nakala ya mkataba na mchanganuo wa marejesho. Omba kwa maandishi na ubaki na nakala. Wengi wamesaini fomu wasizozisoma na hawana hata karatasi moja nyumbani, na bila karatasi huwezi kubishana na mtu anayekutajia salio jipya kila wiki.

2. Kadi ya mkopo ya benki ina tofauti gani na mikopo mingine?

Kadi ya ATM unachukua fedha yako. Kadi ya mkopo unatumia fedha ya benki hadi kikomo ulichopewa, na kila mwezi unaletewa taarifa yenye tarehe ya mwisho ya kulipa pamoja na kiwango cha chini unachotakiwa kulipa. Hicho kiwango cha chini ndicho kinachowaumiza watu. Ukilipa hicho tu, sehemu kubwa inamezwa na riba na tozo, na deni lenyewe linasogea kidogo sana. Kutoa taslimu kwa kadi hiyo ni ghali kuliko kununulia bidhaa. Huku kwetu wenye kadi za namna hiyo ni wachache, lakini mikopo ya kwenye simu kama Songesha na Nivushe inamnasa mtu kwa njia ileile: kikomo kidogo kinachojazwa na kumalizwa kila siku.

3. Nitajuaje kama anayenikopesha ni halali?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeweka madaraja manne: benki za huduma ndogo zinazopokea amana; taasisi na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana; SACCOS; na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Daraja la pili, ambalo ndilo lenye ofisi nyingi za marejesho mitaani, ni lazima liwe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS husimamiwa kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi husajiliwa kupitia halmashauri.

Omba kuona leseni, usome jina lililoandikwa. Jina la kwenye leseni, la kwenye mkataba na la kwenye bango yawe moja. Kwa mikopo ya mtandaoni, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini, kwa hiyo malalamiko si lazima yapelekwe Dar es Salaam.

4. Riba inayoruhusiwa ni kiasi gani?

Kwa daraja la pili, riba haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Tufanye hesabu ya mkopo ambao mama yeyote wa Mwanjelwa ataufahamu. Umekopa 500,000. Wamekata 30,000 ya fomu na bima, umeondoka na 470,000. Marejesho ni 60,000 kila Jumatatu kwa wiki 10, jumla 600,000. Ofisa mikopo anakwambia riba ni asilimia 20, nawe unaona si mbaya.

Lakini umelipa 130,000 zaidi ya ulichopokea, kwa miezi miwili na nusu tu. Kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, hata riba ingepigwa juu ya 500,000 yote mpaka siku ya mwisho, ingekuwa 43,750. Tena angalia jambo hili: wiki ya tano umesharudisha nusu ya mkopo, lakini riba bado inahesabiwa kana kwamba laki tano zote unazo. Ndiyo maana watu wanaiita kausha damu. Ukikuta hesabu kama hii kwenye mkataba wako, iandike vizuri kwenye karatasi na uipeleke pamoja na malalamiko yako (angalia swali la 12).

## Kulipa

5. Fedha haitoshi wote. Nimlipe nani kwanza?

Si lazima awe yule anayepiga kelele zaidi. Kwanza chakula, kodi ya nyumba, dawa na nauli ya kwenda kazini, kwa sababu mtu asiyekula hafanyi kazi na asiyefanya kazi halipi. Baada ya hapo, deni lililoshika nyumba, shamba, au chombo kinachokulisha. Dereva akipoteza bajaji amepoteza na uwezo wa kulipa madeni mengine yote.

Kisha deni lenye mdhamini, maana likiharibika linamwangukia mtu mwingine (swali la 14). Yanayobaki, yapange kwa riba: lenye riba kubwa lilipwe kwa nguvu, mengine yapate kiasi kidogo kisichokoma. Wengine wanapenda kumaliza deni dogo kwanza ili wapumue. Mimi sipingi kama tofauti ya riba ni ndogo, ila kama hilo dogo ni la SACCOS na kubwa ni la kausha damu, kila wiki unayochelewesha inakula mtaji wako.

Deni la ndugu halina riba, lakini lina undugu. Nenda ukazungumze naye kabla hajasikia kwa watu.

6. Nikope kwingine nilipe deni hili?

Kukopa huku ulipe kule ndiko kulikowafikisha wengi kwenye ofisi tano kwa wakati mmoja. Kuna hali moja tu ambayo naiona inafaa: benki au SACCOS kununua madeni yako yote ya riba kubwa na kukuachia deni moja la riba ndogo, na wewe ukafunga kabisa yale ya zamani ukapewa barua ya kumaliza deni. Angalia jumla utakayolipa mpaka mwisho, usiangalie makato ya mwezi peke yake. Makato ya 180,000 kwa miaka sita ni zaidi ya milioni 12.9, ingawa kila mwezi yanaonekana mepesi.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Lakini inatolewa kwa vikundi kwa ajili ya mradi. Ukiitumia kulipia kausha damu unawaingiza wenzako wa kikundi kwenye shimo lako.

7. Je, mkopeshaji anaweza kukubali kunipunguzia marejesho?

Anaweza, hasa ukimfuata kabla hujaanza kuchelewa. Usiende na maneno ya "nitajitahidi". Nenda na kiasi na tarehe. Barua fupi inatosha:

"Shikamoo mama meneja. Mimi ni (jina), nina mkopo wa tarehe fulani. Marejesho yangu ni 60,000 kwa wiki. Biashara imeshuka, na ninachoweza kulipa bila kukopa kwingine ni 25,000 kila Jumatatu. Naomba tuongeze muda na faini za kuchelewa zisimamishwe. Naomba jibu kwa maandishi."

Ahidi kiasi ambacho hata wiki mbaya utakipata. Wakikubali kwa mdomo, waandikie ujumbe ukirudia mliyokubaliana. Na ukilipa, lipa kwa namba ya kampuni au benki, usilipe kwenye simu binafsi ya ofisa.

8. Mimi ni mwalimu, mshahara unaishia kwenye makato na kadi yangu ya benki iko kwa mkopeshaji. Nifanyeje?

Makato kwa mtumishi wa umma hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara; theluthi moja ibaki kwako. Kumbuka pia makato ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa anayedaiwa. Wakopeshaji wa mtaani wanalijua hilo, ndiyo maana wanapita nje ya mfumo: wanachukua kadi na namba ya siri, tarehe ya mshahara wanakutangulia kwenye mashine.

Kumpa mtu namba ya siri ni kuvunja masharti ya benki yako, na fedha ikipotea hasara utabaki nayo mwenyewe. Nenda benki, funga kadi hiyo, omba nyingine. Siku hiyohiyo mwandikie mkopeshaji kwamba deni unalitambua na utalilipa kwa awamu, taja kiasi na tarehe. Kufunga kadi bila kusema neno kutafanya uonekane unakimbia deni, na hapo ndipo vitisho vya kwenda kwa mwalimu mkuu au ofisa elimu vinapoanza.

9. Mimi ni mkulima. Marejesho ni kila wiki, mavuno ni mara moja kwa mwaka.

Mkopo wa namna hiyo haukufai tangu mwanzo. Wa Ubaruku na Igurusi wanavuna mpunga kwa msimu, wa Mbozi kahawa kwa msimu. Marejesho yafuate msimu. Omba AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au SACCOS mkopo unaolipwa baada ya mavuno. Kuuza mazao yakiwa bado shambani ili ulipe marejesho ya wiki ni kulipa riba kubwa kwa jina lingine: gunia utakalolipata Julai unaliuza Februari kwa bei ya mwenye shida.

## Wakija kudai

10. Nitafungwa kwa kushindwa kulipa mkopo?

Kushindwa kulipa si kosa la jinai. Ni shauri la madai, na polisi si wakusanya madeni. Jinai inaingia pale ulipodanganya ili upate fedha, kwa mfano kuweka hati ya kughushi au kuuza dhamana kwa siri.

Kuna kitu kinaitwa kifungo cha madai. Mdai akishashinda kesi na hukumu haijalipwa, anaweza kuiomba mahakama ikuweke ndani kama mfungwa wa madai. Mahakama hukuita kwanza ujieleze, na mdai ndiye anayegharamia chakula chako ukiwa ndani. Kifungo hakizidi miezi sita, na ukitoka deni bado lipo. Kwa hiyo wito wa mahakama usiukimbie hata siku moja. Anayefika na kueleza hali yake kwa ushahidi ana nafasi. Asiyefika anahukumiwa bila kusikilizwa.

11. Wanakikundi na ofisa wamekuja kubeba friji na makochi. Ni halali?

Kuingia ndani kwa nguvu na kubeba si halali, hata kama wamekuja na mwenyekiti wa mtaa. Kama vitu hivyo uliviandika kuwa dhamana, mkopeshaji ana haki juu yake, lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kuvunja mlango. Dalali wa mahakama huja na amri ya mahakama na kitambulisho. Isome amri, angalia jina lako, namba ya shauri na kiasi.

Hata amri ikiwepo, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inalinda baadhi ya vitu visikamatwe: nguo, vyombo vya kupikia na vitanda vya familia, zana za fundi, zana za mkulima, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Nyumba uliyoiweka rehani ni habari nyingine. Angalia swali la 13.

12. Aplikesheni inatuma meseji kwa watu wote walio kwenye simu yangu.

Hilo ni kosa lao, hata kama unadaiwa kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu majina na namba za watu kutumika hivyo. Piga picha ya kila ujumbe ukionyesha namba na tarehe, waombe na ndugu waliotumiwa wafanye hivyo, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu. Kwa mkopeshaji mwenye leseni, anza na malalamiko ya maandishi kwake, kisha Benki Kuu. Ukitukanwa au kutishiwa, nenda polisi.

Waambie mapema watu wako wa karibu: "Mtapata meseji kuhusu mimi, nadaiwa kiasi fulani, nalishughulikia." Aibu hii inawavunja watu kuliko deni lenyewe, na wengine wamefikia kuona hakuna sababu ya kuishi. Ukifika hapo, mwambie mtu mmoja leo hii, au nenda hospitali ya karibu useme hivyo hivyo. Deni lina sheria na lina utaratibu, linaweza kusubiri.

13. Benki inataka kuuza nyumba yangu. Ina muda gani?

Chini ya Sheria ya Ardhi, ni lazima upewe notisi ya maandishi inayoeleza umekosea wapi, unadaiwa kiasi gani, na kwamba usiporekebisha ndani ya siku 60 haki ya kuuza itatumika. Mnada nao unahitaji tangazo la wazi la angalau siku 14. Muuzaji anawajibika kutafuta bei nzuri iwezekanayo, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kuwa wajibu huo umevunjwa.

Siku hizo 60 ndizo zako. Unaweza kuomba uuze mwenyewe kwa kibali cha benki, na mara nyingi bei yake huwa nzuri kuliko ya mnada. Kama notisi haikuja au ina kasoro, nenda mahakamani kabla ya mnada. Nyumba ikishauzwa kwa mnunuzi mwenye nia njema, kuirudisha ni kazi ngumu mno, na wengi hubaki na madai ya fidia tu.

14. Nilimdhamini mwenzangu, amehamia Tunduma na simu haipatikani.

Ulichosaini ni ahadi ya kulipa asipolipa yeye, kwa hiyo mkopeshaji anaweza kukufuata. Omba uone mkataba ujue ulidhamini kiasi gani hasa. Ukilipa, tunza risiti: una haki ya kumdai aliyekopa kila shilingi uliyomlipia. Kwenye mkopo wa kikundi, wote mnabeba pamoja.

## Kufilisika

15. Je, mtu binafsi anaweza kutangazwa amefilisika Tanzania?

Ndiyo, chini ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, nayo ina masjala Mbeya, Iringa, Sumbawanga na Songea. Anaweza kuomba mdaiwa mwenyewe au anayemdai. Mahakama ikitoa amri ya kwanza, mali zako huwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi wa Serikali, kazi iliyo chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Unaandika taarifa kamili ya mali na madeni, wadai wanakutana, unahojiwa mahakamani hadharani. Hapo mnaweza kukubaliana mpango wa malipo. Msipokubaliana, unatangazwa umefilisika, na jina lako linachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwisho wake ni kuomba mahakama ikuachilie kutoka kwenye hali hiyo ya kufilisika.

16. Nitapoteza nini?

Karibu kila kitu, isipokuwa zana za kazi, mavazi na matandiko ya familia kwa thamani ndogo iliyowekwa na sheria. Hata urithi utakaoupata kabla hujaachiliwa unaweza kuchukuliwa. Bila ruhusa ya mahakama huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni, na kukopa bila kumweleza mkopeshaji hali yako ni kosa. Kuandikisha shamba kwa jina la mdogo wako wiki moja kabla ya kuomba hakusaidii: mahakama inaweza kufuta uhamisho huo, nawe ukashtakiwa.

17. Nitapata nafuu gani basi?

Wadai wasio na dhamana hawawezi kuendelea na kesi zao dhidi yako bila ruhusa ya mahakama, na ukishaachiliwa madeni mengi yanakufa. Lakini benki yenye rehani ya nyumba yako bado inaweza kuiuza. Deni la udanganyifu halifutiki. Na mdhamini wako haachiliwi: wewe ukitoka, yeye anabaki ameshikwa. Hili la mwisho wengi hawalijui, na ndilo linalonifanya niwaulize kwanza, "Nani alikusainia?"

18. Kwa hiyo unashauri nifilisike?

Kwa mwenye milioni nne za marejesho ya wiki, hapana. Gharama za wakili na Mahakama Kuu, pamoja na vikwazo vya swali la 16, ni mzigo mkubwa kuliko deni, na kama huna mali hakuna cha kugawa. Maswali ya 5 hadi 7 ndiyo njia yako. Kufilisika kunafaa kufikiriwa na mfanyabiashara wa mbao au mazao anayedaiwa makumi au mamia ya mamilioni na watu wengi, asiye na mapato ya kuyafikia hata kwa miaka kumi, na ambaye kila mdai anakimbilia kukamata cha kwake. Huyo amwone wakili mapema, kabla hajaanza kugawa mali kwa ndugu.

## Hali za pekee

19. Mume wangu ameweka nyumba rehani bila mimi kujua.

Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchunguza kama mkopaji ana ndoa. Chukua cheti cha ndoa au ushahidi mwingine, uende kwa wakili au msaidizi wa kisheria ufungue shauri kabla ya mnada. Usisubiri kusuluhishwa na wazee kwanza; kikao cha ukoo kinaweza kuendelea na kesi ikiwa tayari mahakamani. Kwa mikopo isiyo na rehani, deni la mume haligeuki deni la mke kwa sababu ya ndoa tu, kama hukusaini.

20. Duka langu limesajiliwa BRELA. Deni ni la duka au langu?

Kama ulisajili jina la biashara, wewe na duka ni kitu kimoja. Kama ni kampuni, deni ni la kampuni, na kufungwa kwake kunafuata Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Ila benki nyingi humtaka mkurugenzi asaini dhamana binafsi. Ukisaini hiyo, rudi swali la 14.

21. Baba amefariki akiwa na mkopo. Watoto tutalipa?

Deni hulipwa na mirathi kabla haijagawanywa, si na watoto kwa mifuko yao. Ulizeni kwanza kama mkopo ulikuwa na bima. Mikopo mingi ya watumishi inayo. Msimamizi wa mirathi apeleke cheti cha kifo benki mapema, na mtu yeyote asisaini karatasi ya "kuendeleza mkopo wa marehemu" kwa huruma.

22. Deni la miaka saba iliyopita limeibuka. Wanaweza kunishtaki?

Kesi ya madai ya mkataba ina ukomo wa miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza. Lakini ukisaini karatasi ya kulitambua deni, au ukilipa hata kidogo, kabla muda haujaisha, miaka inahesabiwa upya. Kwa hiyo mtu akikuletea deni la zamani na kalamu, usisaini hapohapo na usitume hata elfu tano. Mwambie aache nakala ya mkataba, kisha itafute tarehe ya rejesho lako la mwisho.